Bukavu: Kabla ya kulipa miwani, uliza kwanza nani anaangalia jicho

Katika soko la Nyawera, mama mukubwa wangu alikuwa na ugomvi usioisha na watu wa pusupusu. Asubuhi akipanga beseni zake za sambaza, mmoja wao anamgonga kwenye kiwiko. Kesho yake mwingine anamwangushia beseni. Jioni tunasikia habari yote nyumbani: "Banapita bila kusema. Vijana ba leo habana heshima." Sisi sote tulimpa haki. Nani katika Bukavu hajawahi kusukumwa na pusupusu?

Jambo moja hatukulisikia, ijapokuwa alilisema kila mara: alikuwa anagongwa upande wa kushoto tu.

Ulipita zaidi ya mwaka mmoja ndipo tukajua kwamba vijana wale walikuwa wakipiga kelele zao kama kawaida, na wakipita mahali pao pa kawaida. Mama mukubwa hakuwa anawaona. Jicho lake la kushoto lilikuwa limebaki kama mtu anayechungulia kwenye bomba: anaona kilicho mbele yake, pembeni hakuna kitu. Ugonjwa huo waganga wanauita glokoma, na wakaaji wengi wanaufahamu kwa jina la presha ya jicho. Hauumi. Hauwashi. Na sehemu ya kuona iliyokwisha kupotea hairudi, si kwa dawa, si kwa operesheni, si kwa miwani.

Ninaandika habari hii kwa sababu njia tuliyopita kutafuta daktari wa macho, kutoka Nyawera hadi polikliniki moja ya tarafa ya Ibanda, imejaa makosa ambayo naona jamaa nyingi za mji wetu zinayafanya. Majina ya nyumba tulizopita ninayaacha. Baada ya matibabu nilirudi pale polikliniki kama mwandishi wa habari, nikakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, nikaomba nielezwe kazi inavyofanyika.

Miwani iliyotudanganya

Mwanzo ulikuwa noti. Mama mukubwa alianza kukosea kurudisha pesa, hasa jioni jua linapozama. Anachukua noti ya franka 10.000 na kuiweka pamoja na za 5.000. Mteja mwema anamrudishia, mwingine anaondoka zake. Kwa mtu anayeishi kwa faida ya sambaza, makosa mawili ya namna hiyo yanakula kazi ya siku.

Binamu yangu akampeleka kwa muuza miwani aliyeandika kwenye ukuta wake, kwa herufi kubwa, kwamba hapo macho yanapimwa. Kipimo kilichukua kama dakika kumi. Herufi kwenye karatasi ukutani, sanduku la vioo, kioo hiki au kile, mama unaona vizuri? Anaona vizuri. Tulilipa kwa pesa za likirimba, zamu yake na zamu ya binamu, na mama mukubwa akarudi sokoni na miwani mpya. Noti zikaacha kuchanganyika. Hata Biblia aliirudia.

Ndiyo sababu ninasema ilitudanganya. Miwani ile haikuwa mibaya. Mama mukubwa ana miaka zaidi ya hamsini na tano, na kila mtu, akipita miaka arobaini na kitu, anaanza kushindwa kuona vitu vya karibu: sindano, noti, herufi za simu. Ni mwili kuzeeka, si ugonjwa, na miwani inasaidia kabisa. Lakini chini ya tatizo hilo dogo kulikuwa na lingine kubwa, na lile dogo lilipotulia, sisi tukatulia pamoja nalo. Kwa nini tumrudishe kwa daktari mtu ambaye tayari anasoma?

Katika ile duka hakuna aliyemwangalia ndani ya jicho. Hakuna aliyempima presha ya jicho. Hata sisi hatukuuliza, kwa sababu hatukujua kwamba kuna la kuuliza.

Siku isiyo yake

Polikliniki niliyoizungumza ni kama nyingine nyingi za hapa mjini. Waganga kadhaa wameshirikiana nyumba moja: wa magonjwa ya kawaida, wa watoto, wa wanawake, wa meno, wa macho. Wanatumia maabara moja, mahali pa kulipia pamoja, na muuguzi wa mapokezi anayejua kila mtu. Faida yake kwa mgonjwa ni wazi. Ukija kwa kichwa kinachouma, na daktari wa kawaida akishuku macho, hakutumi mbali. Anakuonyesha mlango wa tatu. Ukiwa na ugonjwa wa sukari, anayekutibu sukari na anayechungulia jicho wanaweza kusomana kwenye karti moja. Na hilo si jambo dogo, maana sukari inaharibu mishipa midogo nyuma ya jicho kimya kimya, na mwenye sukari anatakiwa kuangaliwa huko walau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri.

Kilichotufikisha huko hakikuwa macho. Mama mukubwa alianguka kwenye ngazi za udongo nyumbani, Kadutu, mguu ukavimba, nikampeleka kwa daktari wa kawaida. Daktari huyo, badala ya kuuliza juu ya mguu tu, aliuliza: ngazi hiyo ameishuka miaka mingapi? Ishirini. Na siku hiyo aliangukia upande gani? Kushoto. Akaandika mstari mmoja kwenye karti na kutuambia turudi kwa daktari wa macho.

Tukarudi siku ya Jumanne. Daktari wa macho hakuwepo. Anakuja Alhamisi, na Jumamosi asubuhi mara moja moja. Maandishi ukutani hayakusema hivyo. Ukutani imeandikwa tu kwamba kuna huduma ya macho, na Jumanne huduma hiyo ni kijana mmoja wa miwani mwenye adabu nyingi, ambaye kwa heshima yake alitwambia tusipoteze pesa kwake, tumngoje daktari. Wengi wangetuuzia tu. Lakini mama mukubwa alikuwa amefunga meza sokoni, na mwenye sambaza akifunga meza, samaki hawamngojei. Nusu ya beseni iliharibika. Alhamisi karibu akatae kwenda.

Simu moja ingetosha. Polikliniki nyingi zina namba mlangoni na kwenye risiti. Sasa ninampigia muuguzi wa mapokezi kila mara mbele ya kupanda teksi, na swali langu si "muko wazi?" Kuwa wazi wako wazi. Ninauliza: daktari wa macho mwenyewe yupo leo, ama ni mwingine?

Wote wanaitwa munganga

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa upo, na sisi Wakongomani tumeukuza wenyewe, kwa sababu kila aliyevaa koti jeupe tunamwita munganga.

Katika mambo ya macho kuna walau watu watatu tofauti. Yuko daktari wa macho: amemaliza udaktari wa kawaida, kisha ameongeza miaka ya kusomea macho peke yake. Yeye anatibu, anaandika dawa, anafanya operesheni. Yuko muuguzi au fundi aliyepata mafunzo ya macho. Huyu anaweza kupima nguvu ya kuona, kupima presha ya jicho, kutambua magonjwa mengi na kutibu yaliyo mepesi, na yale mazito anayatuma kwa daktari. Mahali pengi mashariki mwa nchi, hasa nje ya miji, ni yeye anayebeba kazi yote, na wagonjwa wana bahati kumpata. Kisha yuko mtu wa miwani, anayepima kioo gani kinakufaa na kukitengeneza. Kazi yake ni ya maana. Lakini kazi yake inahusu kioo, haihusu ugonjwa.

Waganga wa macho ni wachache. Mpango wa VISION 2020, ambao Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitangaza mwaka 1999, uliweka kwa Afrika shabaha ya daktari mmoja wa macho kwa watu 250.000. Kwa mji kama Bukavu, unaohesabiwa kuwa na zaidi ya milioni moja ya wakaaji, hiyo ni walau wanne kwa mji peke yake, bila kuhesabu Kabare, Walungu, Kalehe na kwingineko ambako watu wanashuka kuja kutafuta matibabu. Katika nchi yetu waganga hao wamejikusanya zaidi Kinshasa na katika miji mikubwa. Ndiyo sababu daktari mmoja anagawanya juma lake kati ya hospitali na polikliniki mbili au tatu, na ndiyo sababu jina lake liko kwenye kuta nyingi kuliko siku alizo nazo.

Zamani aliyeshindwa hapa na mwenye uwezo alipanda ndege Kavumu kwenda Kinshasa. M23 ilipoingia Bukavu mwezi wa pili 2025, njia hiyo ilifungwa. Wengine wanavuka Rusizi na kufika hadi Kabgayi, nchini Rwanda, ambako hospitali ina kitengo cha macho kinachojulikana tangu miaka mingi. Mama wa sambaza hafiki huko. Kwake, polikliniki iliyo umbali wa teksi moja ndiyo Kinshasa yake, na kwa hiyo ni muhimu ajue nini cha kudai akiwa ndani.

Ndani ya chumba chenye giza

Alhamisi tulifika saa mbili ya asubuhi, tukaingia saa tano. Ninaeleza yaliyofanyika moja kwa moja, kwa sababu msomaji akijua kipimo kamili kinavyoonekana, atajua pia kama amepimwa nusu.

Kwanza muuguzi alimsimamisha mbele ya karatasi ya herufi, jicho moja moja, lingine limefunikwa kwa kiganja. Kwa asiyejua kusoma iko karatasi nyingine yenye alama moja inayogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia. Mgonjwa anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Mama mukubwa alisoma hadi karibu na mwisho, kwa macho yote mawili. Alinitazama kwa ushindi. "Si unaona? Mimi naona muzuri."

Na kweli. Glokoma inaacha katikati ya jicho mpaka mwisho kabisa. Mtu anaweza kusoma herufi ndogo huku amekwisha kupoteza pembeni yote.

Kisha daktari alikaa mbele yake, magoti karibu yagusane. Akamwambia afunike jicho la kulia na kumtazama puani, asihamishe macho. Daktari akainua vidole pembeni, akauliza ni vingapi. Mama mukubwa akanyamaza. Daktari akasogeza mkono ndani kidogo. Kimya. Akasogeza tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona, naona vidole viwili wazi kabisa, na ninamwona mama mukubwa akingoja mkono ambao tayari ulikuwa umeinuliwa. Alipoviona, vilikuwa karibu mbele ya uso wake.

Hakuna mashine katika kipimo hicho. Ni mkono wa daktari tu. Kipimo kikubwa zaidi cha pembeni, cha mashine yenye taa, polikliniki haina.

Baada ya hapo walimtilia matone ya kufisha ganzi, akaweka kidevu kwenye chuma cha ile darubini yenye taa, na daktari akagusa jicho kwa kifaa kidogo chenye mwanga wa buluu. Hiyo ndiyo kupima presha ya jicho. Haina uhusiano na mashine ya kupima presha ya damu mkononi, na mtu mwenye presha nzuri ya damu anaweza kuwa na presha mbaya ya jicho. Kwa kawaida inakuwa kati ya 10 na 21. Jicho lake la kulia lilikuwa 26. La kushoto 34.

Mwisho, matone mengine ya kufungua mboni, kungoja nusu saa kwenye benchi, kisha daktari akachungulia nyuma ya jicho, pale mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unapoanzia. Hiki nacho ni cha lazima. Wako watu wenye glokoma na presha yao ni ya kawaida. Bila kuangalia mshipa, wanarudi nyumbani na habari njema ya uongo. Kwa mama mukubwa, mshipa wa kushoto ulikuwa umeliwa karibu wote. Wa kulia, umeanza.

Daktari alimweleza polepole, kwa Kiswahili, bila kuficha. "Mama, kile jicho la kushoto limepoteza sitaweza kukirudisha. Kazi yetu sasa ni kulinda la kulia." Mama mukubwa aliuliza swali moja tu: kama angekuja mwaka ule wa miwani? Daktari hakujibu moja kwa moja. Alisema kwamba glokoma inakwenda polepole, na kila mwaka una uzito wake.

Onyo dogo kwa wanaokwenda: ukishatiliwa matone ya kufungua mboni, mwanga unachoma na vitu vya karibu vinafifia kwa saa kadhaa. Usiende peke yako, na usirudi ukiendesha pikipiki.

Benchi la Alhamisi

Niliporudi kama mwandishi, nilikaa Alhamisi mbili kwenye benchi lile. Niliona wazee walioletwa na wajukuu, mboni zao nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Huyo ni mtoto wa jicho, ambaye waganga wanamwita katarakte, na ndiye anayepofusha watu wengi zaidi duniani. Habari yake ni tofauti kabisa na ya glokoma: operesheni fupi, kioo cha ndani kilichochafuka kinatolewa, kingine kinawekwa, na mtu anaona tena. Bado jamaa nyingi zinangoja "akomae" kama ndizi. Ngoja hiyo ilikuwa na maana zamani, kwa namna ya zamani ya kuoperesha. Leo mtu anaweza kuoperewa pale anaposhindwa kufanya kazi zake, na mtoto wa jicho aliyeachwa muda mrefu sana anakuwa mgumu zaidi kutolewa.

Lakini aliyenishtua zaidi ni mvulana wa miaka tisa hivi. Macho yalikuwa yanamwasha tangu mdogo, anayasugua mpaka yawe mekundu. Mama yake alikuwa amepata farmasini matone yanayotuliza kwa siku mbili. Yakiisha, kuwasha kunarudi, ananunua tena. Alifika na kichupa mkononi, akijivunia dawa iliyofanya kazi. Daktari alisoma jina, akampima mtoto presha ya jicho mara moja.

Ndani ya kichupa kile kulikuwa na dexamethasone. Dawa za aina hiyo ni nzuri mkononi mwa anayezijua, kwa siku alizohesabu. Zikitumiwa miezi bila kupimwa, zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glokoma hata kwa mtoto, na zinaweza kuleta mtoto wa jicho mapema. Katika mji wetu zinauzwa kama pipi. Mzazi yeyote mwenye matone ya macho nyumbani asome karatasi ya sanduku leo: akikuta dexamethasone, betamethasone au prednisolone, na hakuna daktari aliyeyaandika, ampeleke mtoto apimwe. Asiyatilie tena kwa sababu jicho jekundu la jirani lilipona nayo. Macho mekundu ya apolo, yale yanayokumba mtaa mzima, mara nyingi yanajiponea kwa usafi na kunawa mikono.

Majani yaliyosagwa, maziwa ya mama, mkojo: hayo nayo bado yanatiliwa, na yanaacha vidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho vinavyobaki kovu jeupe maisha yote. Nimewaona wawili katika Alhamisi mbili.

Kuna pia mambo ambayo polikliniki si mahali pake na mtu asipoteze muda akitafuta siku ya daktari. Simenti, chokaa au maji ya betri yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi palepale, dakika ishirini au thelathini, kisha kimbia hospitali kubwa. Jicho lililochomwa na chuma au mti, usilikandamize, usitilie kitu. Na mtoto mdogo ambaye ndani ya mboni yake kunaonekana weupe, mara nyingi mzazi anauona kwanza kwenye picha ya simu yenye flashi, asingojwe mpaka akue. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa inaokoa uhai wenyewe. Hapa Bukavu Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo ina huduma ya macho. Goma, iko Heal Africa.

Matone ya maisha

Matibabu ya mama mukubwa ni kichupa kidogo cha timolol, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Mbele ya kuiandika daktari aliuliza mara mbili kama ana pumu, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumfunga pumzi mwenye pumu. Hana. Alionyeshwa namna ya kutilia: kuvuta kope la chini, tone moja tu, kufumba macho, kubana kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isishuke kooni. Kama presha haishuki vya kutosha, kuna dawa nyingine, na kuna operesheni. Zote ni za kulinda kilichobaki.

Ugumu si kutilia. Ugumu ni kwamba matone hayamwonyeshi faida yoyote. Dawa ya malaria unaisikia mwilini. Hii unatilia mwezi mzima na jicho linabaki vilevile. Kubaki vilevile ndiyo faida yenyewe, lakini mweleze hivyo mtu ambaye kichupa kimekwisha tarehe 20, na tarehe 20 ndiyo siku ya kodi ya nyumba. Mwezi wa tatu aliacha kwa siku kumi na mbili bila kutwambia. Presha ilipopimwa, ilikuwa imepanda tena.

Pesa ni shida ya kweli na sitaipamba. Benki zilifunga milango mwanzo wa 2025, akiba za wengi zikakwama, na watu wakawa wanalipana kwa simu. Mituele za afya zipo, lakini mwanachama aulize wazi kama macho yamo. Nyingi zinalipa kumuona daktari na haziwezi kulipa miwani. Katika polikliniki yetu tuliomba tujulishwe bei kipande kwa kipande: kumuona daktari, kupima presha, matone ya mboni, kurudi. Hawakukasirika. Tuligundua kwamba vipimo vyote vya siku ile, vikijumlishwa, vilikuwa chini ya bei ya miwani ile ya kwanza. Na kurudi kwa kupima presha peke yake kuna bei ndogo zaidi, ila hawakwambii usipouliza.

Sasa dawa yake tunainunua sisi, watoto watatu kwa zamu, kama likirimba. Simu yake inalia saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Sokoni amebadilishana mahali na jirani yake muuza nyanya, ili ukuta uwe kushoto kwake na watu wa pusupusu wapite kulia. Hajagongwa tena. Bado anasema hawana heshima.

Glokoma inatembea katika jamaa. Wenye mzazi, kaka au dada mgonjwa wako katika hatari zaidi kuliko wengine, na sisi Waafrika inatushika mara nyingi zaidi na mapema zaidi. Daktari alituomba tuje wote. Mimi nilipimwa Alhamisi iliyofuata: 16 na 17, mshipa mzuri, nirudi baada ya miaka miwili. Mama yangu pia hana kitu.

Amebaki mjomba, mdogo wao, anayeendesha teksi kutoka Bagira. Nimempigia mara nne. Jibu lake ni lilelile, kwa sauti ileile ya dada yake: yeye anaona vizuri. Mwaka huu kioo chake cha pembeni kimevunjwa mara mbili, na anasema ni kosa la watu wa pikipiki. Alhamisi ijayo nitapanda gari lake kama abiria, na nitamwambia aelekee Ibanda.